Jiwe Lililomng'oa Kaka Meno

Ngumi chini ya maji haina nguvu, ndiyo maana shemeji alitumia tochi. Alimtwanga kaka yangu mdomoni, kaka hakumwachia shingo. Akamtwanga tena.

Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa watu wa heshima, tumekaa kwenye boti iliyofungwa kwenye boya, tunabishana. Kaka na shemeji, mkewe, kazi yao ilikuwa kuzamisha wageni kuzunguka kisiwa kile na kuwarudisha wakiwa hai. Mimi nilikuwa fundi wa mashine zao. Siku hiyo tulitaka kujaribu njia mpya kando ya ukuta wa mwamba.

Kaka alikuwa na ratiba ya bandarini ya maji kujaa na kupwa: yameshajaa, basi yametulia, tuingie. Shemeji akasema kisiwa hiki hakijui mambo ya bandari. Maji yanakizunguka pande mbili kisha yanagongana. Kuna siku yanajaa mara moja tu, na kuna siku yakishajaa ndiyo kwanza yanaanza kukimbia. Yeye aliangalia kamba ya boya. Ikisimama wima, tunaingia. Ilikuwa imelazwa na mkondo.

"Mke wangu," kaka akasema, akifunga mkanda, "nilikuoa wewe, sikuoa kamba."

Nilicheka, tena kwa sauti. Akaruka. Tukamfuata, maana mzamiaji haachwi peke yake.

Maji yalitudaka miguu kama watu waliokuwa wakitusubiri. Yakatuburuta chini, yakatubamiza ukutani, yakaturudisha, yakatubamiza tena. Mwamba ulinichana paja. Kaka aligonga uso, mpira wa kupumulia ukamtoka mdomoni, na yote aliyowafundisha wageni yakamtoka pamoja nao. Shemeji alimnyooshea mpira wake wa akiba. Hakuuona. Alimpanda mkewe kama ngazi, akamng'oa miwani, akamkaba koo. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania jiwe kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkanda wa shemeji. Nikiachia, wote wawili wanakwenda.

Kwa hiyo nilitazama. Tochi ikapanda, ikashuka. Kule chini damu inaonekana ya kijani. Pigo la tatu, vidole vya kaka vikafunguka, na shemeji, haoni kitu, akipapasa, akaushindilia mpira kwenye ule mdomo uliopasuka, akaubana kwa kiganja mpaka kifua cha mumewe kikapanda.

Tulirudi juu kwa kutambaa ukutani, kucha zikibaki huko. Kwenye boti kaka alitema meno mawili. Shemeji, shingo imejaa alama za vidole, aliyaokota, akayatupa majini, ndipo akalia.

Siku hizi wageni wakiuliza, kaka anasema ni jiwe.

"Tena gumu," shemeji anaongezea, akimimina chai.

Na kila asubuhi, kabla hajagusa mtungi wa hewa, kaka anamgeukia. "Kamba inasemaje, mama?" Pengo linapiga mluzi kidogo. Shemeji hana haraka ya kujibu.