Mgongoni mwa Birika

Mtaani walimwita Bi Mayai, na jina lenyewe lilikuwa na kejeli ndani yake. Katika chumba cha nyuma cha mama mkwe wake aliweka mashine ya kuangulia vifaranga, sanduku lenye kioo mbele na joto ndani, na mara ya kwanza mayai yote yakaviza. Alipopanga mengine, mama mkwe, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, hakumficha.

"Mwanangu, kuku ni kuku. Sanduku halilalii mayai. Na haya yakiviza, chumba changu nirudishie."

Bi Mkubwa akisema, amesema.

Siku ya kuangua ikafika, yai moja likapata ufa, na umeme nao ukakatika mchana kweupe. Ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Lakini safari hii Bi Mayai alikuwa amejiandaa. Nje, mbali na dirisha, kulikuwa na jenereta ndogo waliyoiita Kidomo kwa kelele zake. Fundi aliyewauzia alisema kila chombo kimeandikwa mgongoni kinakula wati ngapi. Ujumlishe, na usivuke mia nane. Tena friji, alisema, ikianza huvuta kwa pupa kabla ya kutulia, kwa hiyo iachiwe nafasi. Basi Bi Mayai alizunguka nyumba nzima akigeuza vyombo. Mashine mia mbili, friji mia na hamsini: hao wangeelewana. Birika la umeme la Bi Mkubwa, elfu moja na mia nane. Hilo peke yake lingemlaza Kidomo chali.

"Unavipekua vyombo vyangu kama polisi," mama mkwe alimtania. "Na mimi mgongoni nimeandikwa nini?"

Bi Mayai alicheka. Hapo ndipo alipopaswa kumwambia habari ya birika, na haya zikamshika. Utamkatazaje mama wa mumeo kuchemsha chai nyumbani kwake? Alinyamaza, akamwomba Mungu wageni wasije.

Kidomo akawashwa, na wageni wakaja, mashoga wawili wa Bi Mkubwa, wamechoka na jua. Bi Mayai alikuwa ameinama mbele ya kioo cha mashine aliposikia Kidomo akiguna, akikohoa, kisha kimya. Taa ya mashine ikazima. Akakimbilia jikoni, akamkuta mama mkwe ameduwaa mbele ya birika.

"Kumetokea nini tena?"

"Birika, Mama. Linakula kuliko jenereta nzima." Machozi yalimtoka hapo hapo. "Nilijua. Niliogopa kukwambia."

"Yaani uniogope mimi, mayai yafe?" Bi Mkubwa hakukasirika. Aliumia, na ilionekana usoni. "Kwani mimi nina meno ya mamba?"

Alichomoa birika, wakatoka wote wawili, wakavuta kamba ya kumwashia Kidomo. Alinguruma, friji na mashine zikavuta kwa pamoja, friji kwa pupa yake ile, akazima tena. Bi Mayai alishika kichwa. Kila dakika sanduku lilikuwa linapoa.

Bi Mkubwa aliingia ndani bila neno, akachomoa friji. Ndani ya friji mlikuwa na nyama yake ya wiki nzima.

"Mama, itaoza!"

"Nyama imeshakufa. Hawa bado."

Safari hii Kidomo alinguruma na akaendelea kunguruma. Mashoga walipewa maji na kuagwa kwa heshima. Bi Mkubwa akavuta kiti mpaka chumba cha nyuma, akaketi karibu na soketi kama askari wa benki. Kifaranga wa kwanza alipopasua ganda, kalowa, hana hata nguvu ya kuinua shingo, Bi Mkubwa alishika bega la mkaza mwana wake na hakuliachia.

Jioni mume alirudi, akaingia chumba cha nyuma na shati na pasi, akaelekea moja kwa moja kwenye soketi. Mama yake alimnyang'anya pasi, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho maana miwani hakuwa nayo.

"Elfu moja, Mama," Bi Mayai alisema kutoka sakafuni, kabla hajaulizwa.

"Umesikia? Vaa hivyo hivyo," Bi Mkubwa alimwambia mwanawe. "Na siku nyingine ukitaka kuingia chumba hiki, mwenyewe yule pale. Piga hodi."