Mgongo wa Gauni la Kijani

Mwambie chochote, lakini usimwambie kwamba picha yake imetokea vizuri kwa bahati. Utakiona cha mtema kuni. Bahati! Yeye na bahati wanajuana wapi? Alianza kazi akiwa binti mbichi katika studio ya mjomba wake, chumba kimoja chenye stuli, pazia la bluu na feni inayokohoa, akipiga picha za vitambulisho. Mteja akikaa tu, yeye, "Geuka!" Mjomba anafoka, "We mtoto, picha ya kitambulisho, mtu anageuka aende wapi?" Wateja wakacheka, na jina likamganda. Mpaka leo, majarida ya mitindo yanapogombania picha zake za jalada, jina linaloandikwa pembeni ni hilohilo, Geuka.

Nyuma ya pazia lile la bluu alikuwepo binamu yake, mtoto wa mjomba, mwembamba mpaka watu wakamwita Sindano. Kazi yake ilikuwa koti. Studio ilikuwa na koti moja tu jeusi la kuwaazima wateja, pana kama hema. Aje mnene, aje mkondefu, Sindano alimvalisha lilelile, akazunguka nyuma, akakusanya kitambaa kilichozidi na kukibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mbele unamwona mkurugenzi, nyuma kamba ya kuanikia. Hao wawili walicheka mpaka mjomba akawatoa nje.

Wakakua. Sindano akawa mbunifu wa mavazi mwenye karakana yake na mafundi wake, na gauni lake la kijani, alilolipiga picha Geuka, ndilo lililowatoa wote wawili, wakajulikana. Vibanio navyo havikuwaacha. Na tuelewane hapa: gauni la maonyesho hushonwa kwa kipimo kimoja, na wanamitindo hawana kipimo kimoja. Kulibana nyuma si uzembe, ndivyo kazi ilivyo dunia nzima. Ila ni jambo la ndani, halitolewi sebuleni mbele ya wageni.

Sasa Geuka akaenda akalitoa.

Ukumbi mkubwa wa sanaa ulimpa chumba kizima, maonyesho yake peke yake kwa mara ya kwanza. Msimamizi wa ukumbi alitegemea yale majalada yanayojulikana. Geuka akamletea migongo. Kumbe miaka yote hiyo, kila akimaliza picha ya mbele, alizunguka akapiga moja ya nyuma, ya kwake mwenyewe: mikunjo, vibanio, pini, jasho linaloteremka kwenye uti wa mgongo. "Hii ndiyo kazi yangu," alimwambia msimamizi, wala hakumung'unya maneno. Msimamizi akatazama, akarudia kutazama, akaagiza kuta zipakwe rangi upya.

Sindano hakulichukulia hivyo. Alipopita studio kwa Geuka, aliona picha mbili ukutani. Ya tatu hakuingoja.

"Unanivua nguo hadharani?"

"Kaka, hebu tulia kwanza."

"Nitulie nini? Wateja wangu watasema sijui kupima! Nimekaa nakushonea gauni la kuvaa siku yako, kumbe wewe unanichimbia shimo. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Ile kubwa yenyewe hujaiona. Ngoja niifungue."

"Sitaki kuiona. Ukizitundika hizo, usinijue."

Akatoka, akaubamiza mlango. Gauni alilolileta likabaki mezani, bila hata kujaribishwa.

Geuka aliumia, tena sana. Picha hakuwa na shaka nazo, alijua anachokifanya. Lakini kaka mwingine hakuwa naye. Wamelishwa kijiko kimoja, wamechapwa fimbo moja. Ukumbi ujae mpaka mlangoni, kama Sindano hayupo, atakuwa amemfanyia nani maonyesho? Akaenda kwa mama yake, ambaye ni shangazi yake Sindano, akitarajia kubembelezwa.

"Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime," mama akasema huku anakata vitunguu. "Mimi naenda kulima. Mkipatana mtanikuta nimeshapanda."

"Mama!"

"Mama nini? Wewe si ndiye wa kugeuza watu? Mgeuze na huyo."

Basi akampelekea Sindano ujumbe. "Kaka, njoo uitazame ile kubwa kabla sijasimama kuzungumza. Ukisema ishuke, nitaishusha mwenyewe mbele za watu, pamoja na zote zenye nguo zako." Sindano akausoma, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ikafika, watu wakafurika. Geuka alivaa gauni la Sindano, jekundu, zuri ajabu, ila kiunoni linacheza.

"Mwanangu," mama akamnong'oneza, "umelivaa au limekuvaa?"

"Litakaa tu, mama," akajibu, kidevu juu, jicho mlangoni.

Na huyo Sindano akaingia. Hakusalimia mtu, hata shangazi yake. Akapita migongo yote haraka haraka, amekunja uso, mpaka ukuta wa mwisho, mbele ya ile kubwa. Hapo miguu ikagoma.

Lilikuwa gauni la kijani, kwa nyuma. Picha yake ya mbele kila mtu alikuwa anaijua: mwanamitindo amesimama kama malkia, kitambaa kimemwagika bila kasoro. Siku ile ya kulipiga picha vibanio vilikuwa vimekwisha, na nyuma ya malkia alikuwa amepiga magoti kijana mwembamba, ngumi mbili zimejaa kitambaa, pini midomoni, mishipa ya shingo imemtoka, amebana pumzi ili nguo isitikisike. Sindano hakuwahi kujua kwamba alipigwa picha. Miaka yote gauni lile lilisifiwa, naye hakuwahi kujiona humo.

Geuka alimtazama kwa mbali. Alitaka kumkimbilia, akajizuia. Akaushika mkono wa mama yake. Ndipo msimamizi akaita jina lake, watu wakapiga makofi, akapanda jukwaani huku gauni linamteleza kiunoni.

Hajafungua mdomo, akasikia mtu nyuma yake. Vidole vikalikusanya gauni, likamkaa barabara, na kibanio kikabana: ta!

"Kaka," akanong'ona bila kutazama nyuma, "niishushe?"

"Thubutu!" Sauti ya Sindano ilipita katikati ya meno, maana alikuwa ameuma kibanio cha pili, mikono bado imeshikilia gauni. "Simama wima, mdogo wangu. Watu wanakutazama. Na tafadhali, usigeuke."

Geuka akawatazama watu wote wale waliokuja kumsikiliza. Akacheka kwa sauti.

Kisha akageuka, akawapa mgongo, ili wamwone kaka yake.