Pama Iliyoatamiwa

Mwaka 1953, kule Ihembe, Mwalimu Xaveria alifundisha watoto wadogo katika kibanda nyuma ya kanisa. Vitabu vilikuwa vitatu, lakini michezo alikuwa nayo tele. Mmoja waliuita "Una kazi?" Mtoto aliokota kitu kilichotupwa, akakiuliza mara tatu, "Una kazi?" Kisipojibu, wote walikitafutia kazi. Kibuyu kilichopasuka kikawa cha kumwagilia, na debe lililotoboka likajazwa udongo na miche ya miti ya misambya.

Kokubanza, mtoto wa miaka sita, aliupenda mchezo huo mpaka akauhamishia nyumbani. Siku moja aliikuta kofia ya pama ya babu yake, Mzee Rwegoshora, imeanikwa uani.

"Una kazi?" aliiuliza.

Pama kimya. Ilipokaa kimya mara ya tatu, akaitia majani makavu na mayai tisa, akamkalisha kuku juu yake.

Mzee aligundua Ijumaa. Alijaribu kumwondoa kuku, akadonolewa kidole. Akainama kumbembeleza, akadonolewa pua. Na kesho yake ndiyo ilikuwa harusi ya mpwa wake Cassian, ambako msemaji wa ukoo ni yeye! Akaondoka mbio hadi kibandani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu Xaveria.

"Marahaba. Pama yangu inaatamiwa! Niliinunua Bukoba!"

Kokubanza alisimama, akamtazama babu yake toka utosini hadi unyayoni. "Babu, una kazi?"

Mzee akamgeukia mwalimu.

"Una kazi?"

Mzee akamwonyesha mwalimu kidole kilichodonolewa.

"Una kazi?"

"Hajajibu!" watoto walishangilia. Kufumba na kufumbua, mzee alikuwa ameshikishwa kibuyu, anapanda na kushuka kijitoni.

"Taratibu, babu," Kokubanza alimkaripia. "Unaizamisha miche!"

Mwalimu, akijibana asicheke, aliwaambia watoto kwamba mzee anahitaji kofia ya harusi. Wakakusanya majani makavu ya migomba, wakasuka. Ilitoka pana kama ungo, na nyuma imening'inia kama mkia.

Harusini watu waliishangaa, na baba wa bibi harusi akauliza inauzwa wapi. Mzee akasimama kwa madaha kuhutubia. "Waitu, ndugu zangu," alianza, mara mbuzi akaidaka kofia kwa nyuma. Mzee akavuta huku, mbuzi akavuta kule. Hotuba ikasahaulika, na watu walicheka hadi rubisi, pombe ya ndizi, ikamwagika.

Jumatatu mzee alifika kibandani kabla ya watoto, na mzigo wa majani ya migomba begani.

"Mwalimu, nataka nyingine. Isiyo na mkia."

"Hapa kila mtu anajisukia, mzee wangu."

Watoto walipofika, akaketi chini kando ya mjukuu wake. Walibishana asubuhi nzima kama jani linapita kushoto au kulia, mpaka Kokubanza akamnyang'anya majani na kumtuma akanawe mikono kwanza.