Nywele Hazing'oki Zenyewe

Nimesuka vichwa kwa miaka kumi na tisa. Mba naijua, nywele zilizokatwa na dawa kali nazijua. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi mteja wangu Kidoti alipokaa kitini na kusema, "Dada, huku nyuma zimekatika kidogo, unifichie," nilipekua tu, na kitana kikaniponyoka.

Palikuwa na uwazi wa ukubwa wa kizibo cha soda, ngozi imevimba na kuwa nyekundu. Nywele hazing'oki hivyo zenyewe.

Kabla sijafungua mdomo, simu yake ikalia. Akajipiga picha haraka, akaituma. Haikupita muda ikalia tena. Akajipiga nyingine.

"Unamtumia nani?"

"Mchumba wangu. Anataka kujua niko wapi."

Mchumba mwenyewe ni fundi simu wa mtaa wa pili, kijana mwenye ulimi wa asali. Simu hiyo ni yeye aliyempa, na ndani kaweka kitu cha kumfuatilia kila aendako.

Mteja wangu mwingine, mwalimu mstaafu, akadakia, "Asiyeona wivu hapendi, mwanangu."

"Bi Mwalimu, nakuheshimu. Lakini njoo uone wivu wenyewe."

Akaja, akaona, akarudi kukaa.

Nilimpeleka Kidoti chumba cha nyuma, tukakaa juu ya maboksi ya nywele za bandia. Simu tuliiacha mezani.

"Sitakulazimisha kusema," nikamwambia. "Ila ukisema, nitakuamini."

Alichukua kitambaa chake, akajifunga kichwa. Kisha akasema, "Juzi aliniona nikicheka na mwenzangu wa kazini. Akanivuta nywele toka mlangoni mpaka kitandani. Nilimwambia sitaki. Nilimwambia mara nyingi, dada."

Niliinuka kumfuata huyo fundi, nikakaa tena. Hasira zangu zisingemsaidia saa ile.

"Si kosa lako hata chembe. Unataka tufanye nini?"

Akanitazama kana kwamba swali hilo halijawahi kumfikia. "Hospitali. Halafu mama."

Daktari alimpima, akampa dawa, akaandika kila kitu. Alisema tumewahi, maana baadhi ya dawa hizo, kama za kuzuia virusi vya ukimwi, lazima zianzwe ndani ya siku tatu.

Nyumbani kwao, mama yake alitupokea kwa midomo iliyobana. "Yatapita. Posa tumeshapokea. Uso wangu nitauweka wapi?"

Nikamjibu, "Mama, uso wako mzima. Tazama kichwa cha mwanao."

Kidoti akavua kitambaa. Mama akagusa pale kwa ncha ya kidole, kwenye kichwa alichokipaka mafuta tangu kikiwa na utosi laini. Akakaa sakafuni. Alipoinuka alikuwa anatafuta viatu.

Kituoni, askari hata kalamu hakushika. "Binti, kwani ulimkosea nini?"

Mama yule sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti. Siku hiyo nusura madirisha yatikisike. "Afande! Nyumba ikivunjwa, unamuuliza mwenye nyumba alimkosea nini mwizi? Andika!"

Akaandika.

Fundi alikamatwa, akatoka kwa dhamana, na kesi imeahirishwa mara tatu. Kidoti ana simu nyingine, na kila Alhamisi huenda kwa mshauri pale hospitali, mama yake akimsubiri kwenye benchi nje. Siku nyingine anacheka. Siku nyingine hataki kuguswa kichwa, nami simgusi.

Kinachonikera ni mtaa. Foleni kwa fundi haijapungua hata mtu mmoja. Wiki iliyopita mama mmoja, kitini kwangu, akasema, "Wasichana wa siku hizi nao! Wanaharibia kijana wa watu maisha."

Nikaweka kitana chini. "Shuka."

"Lakini nusu ya kichwa bado!"

"Naona. Shuka."

Alitoka hivyo hivyo, upande mmoja mistari, upande mmoja kichaka, na pesa yake nikamrudishia.