Ngosa Yuko Kazini

Jumamosi, akishaanika nguo, Dorcelle alikuwa akienda parokiani Ruashi kusoma Kihispania. Hakuwa na safari ya Uhispania wala ndugu huko. Darasa lilikuwa la bure, tena lina watu, na nyumbani kwake, tangu shimo la madini limfukie mumewe Ngosa, hapakuwa na wa kumwambia hata kwamba chumvi imekwisha.

Siku hiyo masœur, mtawa mzee wa Kihispania aliyewafundisha, alieleza namna ya kutaja kazi ambayo mtu bado anaifanya, mkono haujatoka kazini. Kila mmoja aseme ndugu yake anafanya nini saa hii. Dorcelle aliona haya kusema hana mtu.

"Mi marido está cavando," akasema. Mume wangu anachimba. Masœur akamwambia vizuri sana.

Jioni, akisonga bukari, ugali wa kwao, alisikia sululu chini ya sakafu. Aliitambua: mapigo mawili ya haraka, halafu kikohozi. Alifurahi, tuseme ukweli, alifurahi mpaka bukari ikaungua. Kisha akakumbuka jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Kampuni ilikuwa imekataa kufungua shimo ili Ngosa atolewe akazikwe; walisema mle hamna mtu. Sasa wangekuja wasikie wenyewe.

Aimé, msimamizi wa machimbo, alipoitwa alikuja bila kuchelewa. Akavua kofia yake ya chuma, akalaza sikio sakafuni, akasikiliza kwa adabu zote.

"Njo yeye?" akauliza kama kweli ndiye.

"Njo yeye, shefu. Mulisema hamuna muntu. Mufungule, tumuzike."

Aimé akasimama, akapangusa magoti. "Mama Dorcelle, hapana. Bwana yako iko natumika, iko ku kazi. Muntu mwenye iko natumika, banamuzika namna gani?"

Wiki hiyo hiyo lori lilimwaga zege kwenye mdomo wa shimo, maana si vizuri watu wapite wakimwangukia mfanyakazi. Ndugu wa Ngosa, waliokuwa wakijiandaa kwa matanga, nao walikuja kusikiliza, wakaridhika, wakarudisha viti walivyoazima. Benita, wifi yake, alimwambia avue kile kitambaa cheusi cha msiba, asije akamletea kaka yake mkosi. Majirani walizoea upesi. Wakipita asubuhi walimtakia Ngosa kazi njema, wakaendelea na safari zao.

Masœur alipopata habari alikuja na mkate. Alikaa, akasikiliza mapigo na kikohozi, kikohozi kilichokuwa kimezidi. Akasema kwa upole kwamba ipo namna nyingine, ya kutaja kazi iliyokwisha. Ni neno moja fupi tu, angeweza kumfundisha hapo hapo, na Ngosa angeweka sululu chini.

Dorcelle alifungua kinywa. Alimwonea mumewe huruma kweli, huruma ya kuuma. Akatazama chumba, sahani moja, kikombe kimoja.

"Masœur," akasema, "akinyamaza, miye nitabakia na nani?"

Masœur alimaliza chai, akaaga.

Dorcelle akashusha godoro sakafuni, akajilaza ubavu, shavu karibu na saruji. Akamwambia Ngosa apumzike kidogo. Ngosa hakupumzika.