Udongo wa Chini ya Bomba

Mkono mmoja wa mama ulishika kipimo cha mionzi, wa pili ulimzuia bintiye asishuke garini. Tangu mtambo wa nyuklia uvuje, Kidoti alikuwa akilelewa na shangazi yake mji wa mbali, na huko ndiko alikorudia utoto wa kunyonya kidole gumba. Mama yake kazi yake ilikuwa kupima nyumba za watu. Leo ilikuwa zamu ya nyumba yao wenyewe. Ikifaa, mtoto analala chumbani kwake. Isipofaa, anarudishwa kwa shangazi.

"Nisubiri hapa mpaka nikuite."

Mama mkwe alisimama mlangoni, ufagio mkononi. Alirejea mara tu vizuizi vilipoondolewa, na tangu hapo vumbi lilimkoma.

"Pima mpaka uchoke, mwanangu," alisema. "Mavi ya kale hayanuki."

Na kweli, lami ilikuwa imetakata. Mvua na magurudumu ya magari yalishafanya kazi yao, na kipimo kililia kivivu, tik moja, kimya, tik nyingine. Kuta nazo hivyo hivyo. Vigae vya paa vilinung'unika kidogo, maana ukoga huko juu haubanduki upesi. Sakafu ya chumba cha mtoto ilikuwa safi kuliko sahani za watu wengine. Mama akamwita Kidoti, naye akapita mbio kumfuata bibi yake ndani.

Ilibaki kona ya nyuma, chini ya bomba linaloshusha maji ya paa. Uchafu wa mionzi hauishi upesi. Mwingi wake huhama tu, na maji hufuata mkondo. Hapo alitarajia kelele za kipimo, na dawa yake aliijua: udongo uchimbwe, ukazikwe mbali na watu.

Alikuta shimo. Kingo zake zilikipandisha kipimo wazimu.

"Mama," aliita, "nani kachimba hapa?"

"Ni mimi," mama mkwe alijibu dirishani, kwa fahari. "Udongo mweusi, mzuri, ukae bure? Nimempandia mjukuu wangu maua. Vyungu nilivificha stoo, nimemtolea sasa hivi. Hata kunisaidia kashanisaidia."

Mama alikimbia. Aliogopa kuliko siku ile mtambo ulipovuja, kwa sababu siku ile alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Kabla hajavuka kizingiti cha chumba, kipimo kilikuwa kikilia mfululizo, kama bisi kwenye sufuria.

"Kinasemaje hicho?" mama mkwe aliuliza, tabasamu likianza kumtoka.

Kidoti alikaa sakafuni katikati ya vyungu.

"Mama, nimeushindilia mwenyewe," alisema, akamnyooshea mkono auone.

Vidole vinne vilikuwa vyeusi mpaka ndani ya kucha. Kidole gumba kilikuwa safi.