Kati ya Mlango na Dirisha

"Futa," alisema Mtaalamu.

Fundi alicheka kidogo, akidhani anataniwa. "Nifute nini tena, Mtaalamu?"

"Yote haya. Kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Miti, nyasi, maua. Jamani Fundi, nani aliwatuma kupanda msitu hapa?"

Kicheko kilimkauka. Nyuma yake mkewe, Mama Pacha, aliyekuwa akiosha brashi kwenye kopo la tapentaini, aliacha kuosha. Maua yale yalikuwa ya mkono wake, mekundu na ya njano, na mengine alikuwa ameyamaliza asubuhi hiyo hiyo.

Mtaalamu alikuwa msichana ambaye Fundi angeweza kumzaa, miwani puani, begi la safari bado begani. Alikuwa amerudi kutoka kuchimbua mawe yake ya kale siku moja kabla ya chumba hiki cha kwanza cha jumba la makumbusho kufunguliwa. Kabla ya kuondoka aliwaachia mchoro wa ukuta mzima: msitu kushoto mwa mlango, msitu mwingine kulia mwa dirisha, na katikati pengo. Sasa katika kazi ya mabango, mteja akikuachia pengo, unalijaza. Usipolijaza, atakwenda kutangaza kwamba umempunja. Fundi alikuwa amejaza kwa roho safi, tena bila kuomba nyongeza. Siku zote hizo alikuwa akiingoja shukrani.

"Mchoro ulikuwa na nafasi," alisema.

"Haikuwa nafasi. Ilikuwa picha."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye. Hakuna aliyeelewa.

"Ukuta huu ni safari," Mtaalamu alieleza, akijitahidi asipaze sauti. "Ukitembea kutoka kule kuja huku, unapita mamilioni ya miaka. Hapa mlangoni dunia ilipatwa na balaa. Volkano zilitapika moto na gesi kwa maelfu ya miaka, joto likapanda, misitu ikafa. Sehemu nyingi za dunia, kwa miaka kama milioni kumi, hatuoni hata tabaka moja la makaa ya mawe, yale yanayotokana na misitu iliyozikwa."

"Milioni?"

"Milioni."

"Kumi?"

"Kama kumi hivi, Fundi."

"Na nyasi je?" aliuliza Mama Pacha. "Nyasi si zilibaki?"

"Nyasi zilikuwa hazijatokea, mama. Wala maua. Wakati huo dunia ilikuwa haijawahi kuona ua hata moja."

Fundi aliketi juu ya ndoo ya rangi, na haikuwa imefunikwa vizuri. Alikuwa amezika wazazi, alikuwa amezika marafiki, na hata ufundi wenyewe alikuwa akiuona ukikata roho. Lakini nyasi! Kitu ambacho ukikifyeka Jumatatu, Ijumaa kinakucheka. Kwamba kuna wakati mvua ilinyesha juu ya nchi nzima na hapakuwa na jani la nyasi la kuipokea, jambo hilo lilimpiga butwaa kuliko msiba.

"Sasa wanyama walikula nini?"

"Wengi hawakula."

Kisha Mtaalamu akatoa lile ambalo maelezo yote yalikuwa utangulizi wake. "Nitarudi alasiri. Nikikuta bado, nitaagiza bango la kuchapishwa lifunike ukuta. Samahani, Fundi. Sina njia nyingine."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Zamani, hakuna bucha wala saluni iliyofunguliwa mtaani bila jina lake kuandikwa na mkono wa Fundi. Kisha duka la pili kutoka kwake likaleta mashine. Mashine ilitema bango kabla yeye hajamaliza kukoroga rangi, na brashi zake zikapata usingizi mrefu. Ukuta huu ulikuwa kazi yao ya kwanza tangu hapo. Ukipendeza, vyumba vingine vitano vya jumba vingekuwa vyao. Usipopendeza, alikuwa ameshakata shauri kutafuta kibarua cha ulinzi.

"Kufunikwa na mashine!" alisema Fundi, Mtaalamu alipokwisha kuondoka. "Mimi! Nikiwa hai!"

"Utafuta?" aliuliza mkewe.

"Nitafanyaje?"

"Mimi siui maua yangu."

Fundi alilowesha tambara kwa tapentaini, akapanda kwenye ngazi, akaanza na mti mkubwa karibu na mlango. Rangi ya mafuta ilikuwa bado mbichi. Alivuta tambara mara moja kutoka juu kuja chini, na mti ukaanguka. Alivuta tena. Kijani kikaingia kwenye nyekundu, nyekundu ikaburuta njano, na palipokuwa na msitu pakabaki uchafu wa kahawia na vivuli vya vigogo vilivyolala.

"Baba Pacha, simama."

Alisimama, tambara likidondosha matone kwenye viatu.

"Njoo huku utazame," alisema mkewe. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alishuka, akarudi nyuma mpaka ukuta wa pili. Miaka yote aliyokoroga rangi, hakuwahi kuipata rangi hiyo. Ilikuwa rangi ya kitu kilichokuwa hai jana. Vinyweleo vya mikono vilimsimama. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe, kwa tambara, na alitamani asiwe yeye.

Mama Pacha alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akachukua tambara la pili, akayafuta maua yake bila kuambiwa.

Walipofika karibu na dirisha, Mama Pacha alipiga magoti, akatafuta brashi nyembamba kuliko zote. Mtaalamu alikuwa amewaachia kielelezo cha mmea mmoja kati ya iliyotangulia kurudi: kangaga, kijimmea kisicho na ua, majani kama kitana. Sasa alikichora chini kabisa, karibu na sakafu, kirefu kama kidole.

Fundi alikuwa tayari ameshika brashi. "Tuongeze vitatu vinne hapa."

"Kimoja."

"Atasema tumempunja!"

"Kimoja, Baba Pacha. Acha mkono."

Ukuta wote ule, mtupu! Vidole vilimwasha. Alitafuta mahali pa kuiweka ile brashi, akakosa, akaishia kuishika nyuma ya mgongo kwa mikono miwili.

Mtaalamu aliporudi hakusalimia. Alitembea kutoka mlangoni taratibu, na kadiri alivyotembea ndivyo begi lilivyoteleza begani, mpaka likaanguka naye asiliokote.

"Chumba cha pili ni bahari," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Bahari mnaiweza?"

Fundi alifungua mdomo. Wakati huo huo fundi umeme aliingia kwa kishindo, ngazi ndefu begani, akipiga mluzi. Alikuja kufunga taa juu ya dirisha. Mluzi ulikatika katikati ya chumba. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaja mpaka dirishani na kuanza kuteremsha ngazi. Ndipo alipokiona kile kijimmea cha kijani pale chini. Aliishika ngazi ikielea hewani, akarudi hatua moja, halafu nyingine, akabaki amesimama na uzito wote ule mikononi, akitafuta kwa macho mahali pengine pa kuisimamisha.